Kalipa Nyekundu na Boma la Kina Muthoki

Mpendwa Mama Kasyoka, nimekwama kabisa na hapa kwetu kila mtu ananicheka, kwa hivyo nakuletea wewe shida yangu.

Mimi ni kijana wa Kikima, huku Mbooni, na nimejitengenezea gari nyuma ya nyumba ya mama, injini ya Pijo kuukuu, mabati nimekunja kwa nyundo, milango nikang'oa kwa pikapu iliyoanguka, na siku ilipowaka nilicheka mpaka machozi, na haki ya Mungu gari inaenda, shida ni kusimama, kwa sababu zile kalipa za nyuma, vile vyuma vya kubana diski ya gurudumu, nilifunga zisizo na mahali pa kushika waya wa handibreki, ile breki ya mkono, nikasema si kitu, nitakuwa naweka jiwe. Basi juzi nikapanda hadi kwa kina Muthoki, mchumba wangu, na boma lao liko kwenye mteremko, nikashuka kutafuta jiwe, gari ikaanza kurudi nyuma kuelekea zizi la mbuzi, na mama mkwe, ambaye kwa heshima ya sisi Wakamba sifai hata kukutana naye uso kwa uso, akatupa debe la maji akaikinga kwa mgongo, mimi nikakimbia nikaweka bega hapo hapo kando yake, tukabaki hivyo tunaangaliana, na hakuna wa kuachilia. Baba yake Muthoki alicheka mpaka akakaa chini. Muthoki hakucheka. Aliniambia, "Gari yako ikirudi nyuma tena mbele ya mama, wewe pia urudi nayo."

Sasa Desemba napeleka mbuzi wa kumposa rasmi, na Aftin, mchuuzi wa mifugo pale Kasikeu ambaye pia hununua magari yaliyokufa, ana jozi mbili za kalipa, bei ni moja. Za kwanza ni kubwa, nyekundu, zimetoka kwa gari la mashindano, ukiziona moyo unaruka, lakini hazina handibreki. Za pili ni ndogo, zina kutu, na handibreki ziko nayo. Mama, nazipenda hizo nyekundu mpaka naziota. Nikibeba gogo zito badala ya jiwe, si itatosha?

Tafadhali ficha jina langu.

Mwenye Gari, Kikima

Wewe Mwenye Gari, jina nimelificha, lakini Mbooni nzima gari la mabati ya nyundo ni moja tu, kwa hivyo sijui tunamficha nani.

Pole kwa aibu uliyopata. Nimecheka mpaka nikamwaga chai. Mume wangu amefunga breki za malori tangu ujana wake, nikamsomea barua yako, naye akauliza kama una akili timamu. Kalipa kubwa nyuma ya gari jepesi zitabana magurudumu ya nyuma kabla ya yale ya mbele, na kwenye barabara ya murram, ile changarawe ya huko kwenu, gari litateleza lizunguke, ufike kwa wakwe ukitazama ulikotoka. Na hivyo vyuma hukaa ndani ya gurudumu. Wekundu wake utaonwa na nani, matope?

Chukua zile ndogo. Fungua diski yako na kile chuma kinachoshikilia kalipa uende navyo Kasikeu, upime kama diski inaingia na kama matundu ya bolti yanalingana, usikadirie kwa macho. Kutu isugue, mipira ya ndani uweke mipya, toa hewa kwenye mafuta ya breki, kisha ujaribu kwenye tambarare kabla ya mlima. Habari ya gogo sitaki kuisikia tena.

Lakini kuna jambo limeniudhi. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapouliza kama mgongo wa yule mama uko salama, na sikupaona. Mwanamke amezuia gari kwa mwili wake, wewe unaota rangi. Nadhani ndiyo sababu Muthoki hakucheka.

Wewe mwenyewe heshima haikuruhusu kwenda kumwona, najua. Basi mtume mama yako akamjulie hali, wiki hii, kabla hujanunua chuma chochote.