Mama hayumo kwenye kitabu cha pili

Germana, kwanza niliona miguu. Mdogo wangu Qamara ameiosha mwenyewe mpaka magotini, akavaa nguo ya kanisani. Nikajua nimekwisha.

Kitabu cha pili kimefika! Sista amekileta leo kutoka misheni. Cha Kiingereza, kama kile cha ndugu wawili waliomezwa na mchezo wa bao.

Unajua nilivyokuwa namsomea kile. Niliishia darasa la tano, Kiingereza nikitoe wapi? Nilitazama picha nikatunga. Nikamwambia Qamara mama naye yumo ndani ya bao, kitabu cha pili kitamtoa.

Kafungua kurasa zote. Zote, Germana! "Dada Marsela, mama yuko wapi?"

Sista akacheka. "Mama gani? Humu kuna watoto tu."

Qamara akanigeukia mimi. "Soma wewe, dada. Huyu hajui kusoma."

Huyu hajui kusoma! Sista!

Nimejificha jikoni. Qamara yuko mlangoni na kitabu, ananisubiri. Siku ya mazishi tulimpeleka kijijini Baray kwa shangazi, asione.

Karatasi hii nampa dereva wa lori la huko kwenu Endamarariek. Njoo nalo likirudi, nisaidie kumwambia.

Mama amekufa. Sijawahi kulitamka neno hilo, hata kwako.