Picha Uliyopelekewa

Vikokotoni, Mjini Unguja
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Kaka yangu Jecha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakufikia huko Mtwara ukiwa mzima, na kazi ya bandarini haikuchoshi kupita kiasi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shangazi Mize, ambaye bado nakaa kwake, anakusalimu na anauliza kama lile jino limetulia. Mama presha yake imeteremka. Juzi Baba alipiga simu akasema Mama ameshaanza kutoka nje na kula vizuri.

Utashangaa kuona karatasi na wino kutoka kwangu. Siku hizi nikiandika kitu kwenye kioo cha simu au kompyuta naona kama kuna mtu nyuma yangu anasoma. Ndiyo maana nampa jirani yetu Machano, anayekuja huko Jumatatu, akupe mkononi.

Mwezi uliopita uliniuliza kwa nini sikwenda nyumbani Jambiani Mama alipolazwa. Nilikujibu kwamba kazi zilikuwa nyingi. Kweli ni kwamba niliomba ruhusa kwa Wakil, mkuu wetu wa ofisi, na sikupewa. Ili uelewe, inanibidi nianze mbali kidogo.

Ofisini kwetu Kiponda tulikuwa watatu: Wakil, Bashira aliyekuwa mchumba wako, na mimi. Mimi na Bashira tulitumia kompyuta moja ya mezani, tukiwapangia wageni vyumba na safari. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga picha ya skrini, ile tunayoiita skrinshoti. Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kioo kinafifia, unavuta kisanduku, na kilichoingia ndani ya kisanduku ndicho kinachobaki. Alinambia nipige picha kila mgeni anapothibitisha chumba, asije kesho akakana. Bashira ni mwangalifu, unamjua.

Mwezi wa nane ulipelekewa picha ya namna hiyo kutoka nambari usiyoijua. Nimeiona mara nyingi kuliko wewe. Pembeni upo uso mdogo wa Bashira na mtandio wake wa kijani, kando ya jawabu. Juu yapo maneno ya mwanamme, "Siku mbili sijakuona, nnaumwa," na jawabu, "Hata mimi. Subiri Ijumaa ntakuja." Ulimpelekea babake Bashira picha ile, ukavunja posa siku hiyo hiyo. Wiki ya pili yake Bashira aliacha kazi akarudi kwao Chwaka.

Aliyekupelekea ni Wakil. Alimposa Bashira kabla yako akakataliwa, na nadhani hakuwahi kulimeza. Siku moja sisi wawili tulitoka kwenda kula, mazungumzo yale yakabaki wazi kwenye kompyuta. Wakil alikaa kwenye kiti chetu akapiga picha moja baada ya moja.

Siku tatu baada ya Bashira kuondoka nilikwenda kumwambia Wakil kwamba nami naacha kazi. Alinikaribisha kiti. Akageuza kompyuta yake ya mkononi ili nione. Zilikuwamo picha nyengine kumi na moja, katika faili alilolipa jina "Mapishi". Akanambia kwa upole kabisa, "Wanu, hizi nimeziweka tu. Zikae?"

Nikasema zikae.

Tangu siku ile nimo mkononi mwake. Nafanya kazi ya watu wawili, Ijumaa nipo, Jumapili nipo. Nikichelewa haniambii neno, huigeuza kompyuta yake kidogo upande wangu, basi. Hajanigusa, usije ukadhani hivyo, wala hajawahi kupaza sauti. Mama alipolazwa nilisimama mbele ya meza yake nikalia. Aliniuliza kama Baba naye yuko hospitali, maana angependa kwenda kumsalimu na kuzungumza naye kidogo. Nikarudi kwenye kiti changu. Nyumbani Shangazi huniuliza mbona nakonda, namwambia joto.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Maneno yale si ya Bashira. Ni yangu.

Mwanamme yule ni Simai, ambaye Baba alimkataa mwaka jana kwa kuwa ameshaacha wake wawili. Nilishika msahafu mbele ya Baba nikaapa kwamba nimekoma naye. Sikukoma. Kwa vile Baba hukagua simu yangu kila nikienda Jambiani, nilimwomba Bashira aniruhusu kutumia akaunti yake pale ofisini. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba nitamwambia Baba ukweli kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaja ikapita.

Picha uliyopelekewa ilikatwa. Mstari mmoja tu juu yake Simai ameniita kwa jina langu. Wakil aliuona mstari ule, akavuta kisanduku chake chini yake.

Habari ya posa kuvunjwa ilipofika ofisini, nilikuwa nimekaa kando ya Bashira. Aliniangalia akangoja niseme. Nilisema moyoni kwamba nitasema kesho. Kesho yake akaniangalia tena, siku ya tatu hakuniangalia.

Jumapili iliyopita nilitoa udhuru wa ugonjwa nikaenda Chwaka. Nilimkuta uani na mamake wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mamake aliponiona aliinuka akaingia ndani. Nilitaka kupiga magoti, Bashira akanambia nikae juu ya kibao kama watu. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alisema siri ilikuwa yangu, naye alikwisha ahidi. Alikaza fundo la kamba, akasema neno ambalo naliandika kama lilivyotoka kinywani mwake: "Jecha angeniuliza, ningemjibu. Nilikaa na simu siku nne. Hakuniuliza."

Neno hilo ni lako, Kaka. Nimekuletea tu.

Jana Wakil alipokwenda kusali Ijumaa aliiacha kompyuta yake wazi. Hasumbuki tena kuifunga mbele yangu, anajua sina pa kwenda. Nililifungua faili la "Mapishi", nikaitoa kwenye karatasi picha yenye jina langu, isiyokatwa. Imo ndani ya bahasha hii. Karatasi ya kwanza ilikwama kwenye mashine, nikatia nyengine. Sikufuta kitu chake chochote. Nilimwachia ufunguo wa ofisi mezani nikatoka.

Kesho asubuhi nakwenda Jambiani kumwambia Baba kabla Wakil hajamfikia, ikiwa hajamfikia tayari. Simai alitaka tufuatane, nikakataa. Sijui Baba atafanya nini, na nakiri kwamba tangu jana sijaona wepesi wowote. Nimetoka chumba kimoja naingia chengine. Akikupigia simu kwa hasira, usinitetee. Mwambie tu kwamba Bashira hakukosa kitu, na mamake Bashira naye umwambie.

Msamaha wako sitauomba ndani ya barua, hilo nitakuja kuliomba uso kwa uso ukinikubalia. Wala Bashira hakunituma, na hajui kwamba nakuandikia. Sijui kama bado anakutaka. Ila ukiwa na la kumuuliza, usimwandikie ujumbe. Panda boti uje, uende Chwaka, upige hodi mlangoni kwao, usubiri mpaka uitikiwe.

Shangazi ananihimiza nimalize, Machano yuko ukumbini anangoja bahasha. Nisalimie wote unaokaa nao, na Mungu akulinde kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Wanu