Nyasi Zilizokosekana Kwenye Mchoro

Mdogo wangu Kokushubira,

Wengi wetu tunakosea tukidhani mashine mpya hubuniwa na kompyuta. Kompyuta huchora kile tu ilichoambiwa, na wiki hii nimeliona hilo kwa macho yangu. Lakini kwanza nikuulize: bega limepoa? Hapo Nshamba mmeamkaje? Mimi huku Morogoro ni mzima, ila joto lao halijanizoea. Barua hii nimeiandika kwa mkono, nitaipiga picha ikufikie kwa simu asubuhi hii.

Mashine yako ya kukamua ndizi ilikuwa imefika pazuri. Salome, anayechora hapa karakanani, aliichora yote kwenye kompyuta, kisha printa ikatoa kielelezo cha plastiki, tabaka juu ya tabaka, kama mchwa wanavyojenga. Faida yake ni kwamba tunakosea kwenye plastiki kabla ya kukata chuma. Juzi tukatia ndizi mbivu, tukazungusha mpini. Ukatoka uji mzito, juisi hakuna.

"Mzee, ndizi zenu zina kiburi," akasema Salome.

"Zimezoea heshima."

"Kwenu mnazikamua kwa kutumia nini?"

"Kwa mikono na nyasi."

Akanigeukia. "Nyasi? Mbona hukuniambia?"

Mimi, mwalimu wa ufundi mstaafu, nilimpa vipimo vya pipa, mpini na chujio, nikasahau nyasi kwa sababu kwetu hakuna asiyezijua. Kumbe ndizo zinazoshika nyama ya ndizi ili omuramba, juisi yetu, ipate njia ya kutoka.

Sasa ananiuliza: ziwe ndefu kiasi gani? Mbichi au kavu? Konzi ngapi kwa mkungu mmoja? Unajuaje kwamba zimetosha? Anataka kuweka meno ndani ya pipa yafanye kazi ya nyasi, nami nina hamu ya kuona kama yataweza. Ila chuma kinakatwa kesho, na kikishakatwa hakirudi. Bega lako halikubali tena kukamua. Nisingependa upokee mashine ya kupika uji.

Nisalimie mama mkwe wako, na akina mama wa kwaya wanaokusaidia kuuza. Shemeji naye namsalimu, na nina kazi naye: ashike simu, akurekodi kuanzia unapokata nyasi hadi juisi inapotoka, bila kuruka hata lile mnaloliona halina maana. Nitumieni video hiyo leo.

Kaka yako,
Rwegasira