Meza Ndefu ya Bwaloni

Kaka yangu mpendwa,

Habari za huko, na karakana inaendeleaje? Wifi amepona kikohozi, au bado anajifanya daktari wa nyumba nzima? Waambie watoto kwamba shangazi yao ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linanidai heshima kila nikipanda ngazi za ofisi. Rafu uliyonitumia imeenea ukutani kama iliyopimiwa humu humu chumbani. Asante sana. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu mimi humaliza maneno yote, wewe ukabaki na yale ya kuagana.

Huku nimepata cheo kisicho na kiti. Chuo kimeunda kamati ya utangamano, na kwa kuwa mimi ni karani wa mlezi wa wanafunzi, nimefanywa katibu wake. Wanafunzi wetu sasa wanatoka kila upande, wana lugha zao na dini zao, wapo wasioona, wapo wazazi wenye watoto nyumbani. Kila mwaka wachache hutoweka muhula wa kwanza, na ukitazama matokeo yao unakuta hawakuwa wamefeli kitu. Mlezi alituambia kuwa mabango ya kukaribishana yametosha, anataka jambo ambalo mwanafunzi atalikuta mezani.

Mwenyekiti wetu ni mhadhiri wa takwimu, mtu mwema sana, ila kwake hakuna shida isiyo na jedwali. Alibuni kadi za rangi. Kila anayeingia bwaloni kula achukue kadi bila kuchagua, akakae kwenye meza ya rangi hiyo, na hivyo watu wachanganyike wapende wasipende. Kaka, kabla foleni haijafika kwenye supu, watu walikuwa wameshabadilishana kadi zote na kila mtu yuko na rafiki zake wa jana. Alibaki msichana mmoja mgeni kwenye meza ya njano, peke yake, kadi yake kaiweka mbele ya sahani kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini. Mwenyekiti alikuwa akihesabu asilimia.

Kikao kilichofuata, mpishi mkuu aliingia bila kualikwa, aproni kiunoni. Tunamwita Jenerali, ingawa zamani alikuwa muosha vyombo. Alituambia kwamba kosa si la wanafunzi, ni la meza zetu za watu wanne. Watatu wakija pamoja huweka mkoba kwenye kiti cha nne, na aliye peke yake akikalia meza nzima hakuna anayethubutu kumsogelea. Yeye wapweke wote anawajua, alisema, maana ndio wanaorudisha trei mapema. Tuunganishe meza ziwe moja ndefu, ili anayeingia akute nafasi katikati ya watu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kisha akatusimulia habari ya mwanafunzi mmoja wa zamani, mkubwa kuliko wenzake, waliyempachika jina la Babu. Alikuwa na kigugumizi. Kila siku alikula karibu na dirisha la kuoshea vyombo, na akimaliza aliwasaidia waoshaji kufuta vijiko. Hapo ndipo alipozungumza, pole pole, nao walimsubiri. Muhula ulipokwisha hakuonekana tena, na Jenerali alisema mpaka leo hujiuliza alikwenda wapi. Mwenyekiti alikunja jedwali lake. Mimi niliinama nikaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba mpishi mkuu alitoa mfano wa mwanafunzi mmoja.

Meza ziliunganishwa, na mambo yakanyooka. Msichana wa kadi ya njano juzi alinipita bila kuniona, alivyozama katika ubishi wa mpira na watu wawili ambao kila mmoja ana lugha yake. Kila mtu ananishukuru mimi, eti nimeratibu vizuri.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Kaka, nilikuona pale dirishani. Miaka yote hii umeniacha nishikilie kwamba ratiba zetu hazikukutana. Zilikutana. Kila Jumanne saa saba mchana nilikuwa bwaloni na trei mkononi. Siku moja uliinua kichwa, ukaniona, ukanisogezea kiti cha pili kwa mguu. Nikapita. Nilikwenda kukaa na wale wale waliokuita Babu, na nilicheka nao, kwa sababu niliogopa kuitwa mjukuu. Nawe ndiye uliyebaki nyumbani kumuuguza Mama ili mimi nitangulie chuo.

Uliporudi nyumbani ulimwambia Baba kwamba masomo yamekushinda. Alikusema mwaka mzima, mara nyingine mimi nikiwa hapo hapo, na hukunitupia jicho hata mara moja. Likizo iliyofuata nilikuta umenitengenezea dawati. Asante, kaka. Nimechelewa miaka ishirini na miwili kuisema, na sijui kama inatosha.

Jumanne ya kwanza ya muhula ujao meza inazinduliwa rasmi, na Mlezi anataka nieleze wazo lilitoka wapi. Sitaki kusema tena mwanafunzi mmoja. Nataka kusema kaka yangu, na niseme pia ni nani aliyepita na trei. Lakini habari ni yako, ukikataa, nitanyamaza. Jenerali peke yake ndiye nimemwambia. Hakunifariji wala hakunigombeza. Aliuliza tu kama bado unafuta vijiko.

Jambo jingine, hizi meza za kuunganisha zinacheza, na supu inamwagika kwenye maungio. Chuo kinatafuta fundi wa kuunda moja ya kweli. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Ukiona huwezi kuifanya kazi hiyo kwa ajili yangu, njoo bila meza.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja, hata yule anayejipangusa. Ile Jumanne, saa saba, nitakuwa nimekaa pale dirishani. Kiti cha pili nitakuwa nimeshakisogeza.

Ni mimi mdogo wako niliyekuwa nikikumalizia maneno,
Kasuku