Usiisubiri Gundi Yangu, Mama

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku Japani, nikiwa mzima wa mwili. Je, miguu imepungua kuvimba? Na alizeti hapo Mtinko imepata mvua, au ndege wamewatangulia shambani?

Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kuniuliza kama nimekula.

Juma lililopita nilisimama mbele ya maprofesa kueleza kazi yangu. Kama nilivyowahi kukufafanulia, gundi inayoshikilia dawa ya kuzibia jino hutengenezwa kwa kiungo chenye asidi, nacho huvunjika kikikaa na maji. Na kinywa hakikosi maji. Mimi nimeunda kiungo kisichovunjika. Kilikaa majini miezi mingi kikatoka kama kilivyoingia. Walinipigia makofi, Mama. Profesa wangu alinipa mkono, nami nikatabasamu midomo ikiwa imefumbwa, kama tufanyavyo sisi tuliokunywa tangu utotoni maji ya kile kisima, yanayogeuza meno kuwa ya kahawia. Huku nimeshaulizwa mara kadhaa kama navuta sigara.

Ambalo sikulieleza siku ile ndilo ninalokuandikia. Nilikuwa nimeomba pia meno ya kahawia kama yetu, yaliyong'olewa kwa watu wa sehemu zenye maji kama yetu, nikayaziba kwa gundi ileile. Dawa ilibanduka kwa ukucha. Meno yetu ni sugu, na asidi ya gundi yangu ni dhaifu mno kuyapenya. Nikaomba niendelee nayo. Profesa akasema kwa upole, "Yona, hayo tuyaweke kando. Watakaonunua gundi yetu hawana meno ya namna hiyo." Nikaitikia ndiyo, kwa kuwa yeye ndiye atakayeidhinisha shahada yangu.

Jioni ya siku ile ya makofi Dada Tabitha akanipigia. Akanieleza kwamba daktari wa meno wa mjini alikuwa tayari kuliziba lile jino lako la mbele lililokatika, ukamkatalia ukisema, "Namsubiri Yona." Kwamba shangazi anakutania, "Huyo mwanao anatengeneza gundi au anachimba kisima?" nawe unacheka huku umejifunika khanga. Kwamba sasa hata uji wa vuguvugu unakuuma, na kanisani umeacha kuimba. Tabitha alitaka kujua gundi inafika lini. Nilimwambia simu inakatika.

Haifiki, Mama. Si mwaka huu, na huenda isifike kwa mikono yangu.

Nakuomba uende kwa daktari kabla mzizi haujafa. Mwambie alikwangue jino kidogo kwa juu, kisha apake ile asidi kali inayosuuzwa kwa maji, aiache muda mrefu kuliko kawaida, ndipo atie gundi yake. Ni njia ya zamani, na kwa meno yetu inashika kuliko yangu. Ilikuwepo hapo Singida mjini siku zote ulizokuwa ukinisubiri.

Nisalimie Dada Tabitha, shangazi na utani wake, baba mdogo anayetutunzia ng'ombe, na mwalimu wako wa kwaya. Wakikuuliza imekuwaje hukumngoja mwanao, waambie ni yeye mwenyewe aliyekukataza.

Ni mimi mwanao,
Yona