Kamba Nne za Kiroboto

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la dobi.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko, na mgongo unaendeleaje? Bado unaulalia ubao kama ulivyoelekezwa, au umeshaanza ukaidi wako? Sisi huku tunapumua. Ningesema hatujambo, lakini wewe hujawahi kudanganyika na barua zangu. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, na huyu binti yangu Kiroboto ana masikio.

Unakumbuka alilazwa siku tatu kwa homa na magoti kuvimba. Wodini watoto walilala wawili wawili, magodoro yamepasuka. Aliporudi shuleni akamsimulia mwalimu wake, mwalimu akabuni mchango: watoto wataruka kamba uwanjani, na watu waahidi chochote kwa kila mruko, wodi ile ipate magodoro. Mwanao hajatulia tangu hapo. Kadi yake ya ahadi imejaa: kinyozi, fundi viatu, hata mwenye nyumba wetu, yule mkono wa birika.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne nilimrudisha kliniki. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu mno, akatupeleka kupiga picha ya moyo. Dada, mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa. Anasema chanzo ni mafindofindo ya mara kwa mara yasiyotibiwa. Mafindofindo! Nami nilikuwa nampa maji ya chumvi asukutue, kisha mimi huyo, nakimbilia pasi. Mashuka ya hoteli nzima nimeyanyoosha, koo la mwanangu sikulitazama.

Atachomwa sindano kila mwezi. Daktari bingwa wa moyo atamwona baada ya miezi mitatu. Nilibembeleza nafasi ya karibu mpaka karani akashindwa kunitazama. Hadi siku hiyo asikimbie, asiruke.

Asiruke! Yeye!

Sikuthubutu kumwambia. Ile kamba uliyomletea niliificha kazini, kwenye kapu la mashuka, nikamwambia imepotea. Hakulia. Alitoka zake mtaani, akarudi na tatu: fundi viatu kamsukia ya ngozi, jirani kakata kamba yake ya kuanikia nguo, na mwenye nyumba, usiniulize imekuwaje, katoa ya katani, mpya kabisa. "Wamesema nisikate tamaa, Mama." Nitamgombeza nani hapo?

Nikamwambia basi, daktari anataka apumzike. "Mimi siumwi. Wanaoumwa wako wodini." Mwalimu, ambaye nilimweleza yote, akamwomba awahesabie wenzake. Akamjibu, "Kuhesabu si kazi ya wazee?" Nilicheka, kisha nikaingia jikoni nikashindwa kutoka.

Kamba hizo tatu nazo nimezifungia kabatini, na nimekuwa mkali kweli. Sasa anaruka bila kamba. Nikiwa kazini nani atamzuia? Juzi nilimkuta kajishikiza ukutani, anahema. Aliponiona, akatabasamu.

Shemeji yako yuko safarini na lori. Nilimpigia nikamweleza yote. Kisha akauliza kama mtoto anakula. Nikasema anakula. Ndiyo mazungumzo yote.

Dada, wewe ndiye uliyemfundisha kuruka, na neno lako halipingi. Mwandikie. Mweleze habari za moyo wake, kwa maneno ya umri wake, wala usimfiche. Najua hiyo ni kazi yangu. Mara tatu nimemkalisha nimwambie, na mara tatu nimeishia kumsuka nywele. Ila akisoma barua yako nitakuwa nimekaa naye, sitoki. Hilo naliweza. Fanya haraka tu, siku ya uwanjani ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Nisalimie shemeji na mapacha, na yule mama mkwe wako mcheshi. Mungu akulinde, akunyooshe na huo mgongo.

Kiroboto naye anakusalimu, na amenishikilia niitie kadi yake humu kwenye bahasha. Mstari wa mwisho amekuachia wewe. Pembeni ameandika idadi atakayoruka kwa ajili ya Mama Mkubwa: elfu moja. Nimeitia, sikuweza kumkatalia. Usiujaze mstari huo, Dada. Na kadi usiirudishe.

Wako akupendaye sana,
Mdogo wako.