Msalaba wa Otmari, Kilo Kumi na Nne na Ushee

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekata chuma tangu asubuhi. Umeme umekatika mara mbili. Baridi ya Ruhuwiko, huku kwetu Songea, inauma vidole lakini mkono wangu hautetemeki. Hawa vijana wa mjini wakikata chuma kinene namna hii kinaenda upande. Changu kimenyooka.

Ni msalaba wa mdogo wangu Otmari. Jumamosi tunauweka kaburini kwake, Mshangano. Kwetu mkubwa wa marehemu ndiye anayeubeba, toka uani mpaka kaburini, peke yake, na hautui chini njiani. Ukitua, watu wanasema ndugu amemchoka ndugu yake. Mkubwa ni mimi. Mwingine hayupo.

Nimechagua chuma cha mraba, kizima, sentimita tano kwa tano. Mita mbili za kusimama, mita moja ya mikono. Otmari hakuwa mtu wa bati.

Jioni nimeinua ncha moja ya kile kirefu. Nimeirudisha. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepiga hesabu. Nimeishia darasa la nne lakini hesabu ya chuma hakuna wa kunifundisha Songea hii. Kipande cha sentimita moja kila upande ni gramu nane, kasoro kidogo. Hiyo kasoro unaiacha iwe akiba. Tano mara tano, ishirini na tano. Mara mia tatu, maana ni mita tatu. Elfu saba na mia tano. Mara nane.

Kilo sitini.

Nimerudia kwenye simu. Sitini. Simu haijui kubisha.

Mwezi wa tano nilipasuliwa ngiri hospitali ya Peramiho. Daktari alisema mwaka huu nisibebe zaidi ya kilo kumi na tano. Nikizidisha, mshono unaweza kuachia kwa ndani. Mke wangu alikuwepo, alisikia kila neno. Kwa hiyo siwezi kudai daktari hakusema.

Naogopa. Nimeandika. Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Festo kaja, mtoto wa Otmari. Shikamoo nzuri, kisha ujinga. Eti, "Baba mkubwa, toroli lipo. Tairi jipya kabisa. Tunaweka msalaba, na wewe ukichoka tunakuweka juu yake." Akacheka. Mke wangu naye akacheka, akaenda kucheka vizuri jikoni.

Nimemwambia Festo msalaba wa baba yake si gunia la mahindi. Nimemwambia wakati yeye anatambaa mimi nilikuwa nabeba jenereta na Otmari, huku na huku, bila kupumzika. Kweli tupu. Kaondoka ananiangalia kwa huruma. Huruma ndiyo inayoniudhi kuliko toroli.

Usiku mke wangu: "Baba Skola, tengeneza wa bomba." Nimemjibu bomba ni la geti. Kajifunika blanketi, akalala. Akilala hivyo ujue ameshashinda.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimenunua skwea paipu, bomba la mraba, tupu ndani. Upana uleule, sentimita tano, ukuta milimita tatu. Kwa nje hakuna atakayejua.

Hesabu: tano nikatoa ukuta, zikabaki nne nukta saba. Huo ndio utupu wa ndani. Nimezidisha, nimetoa, mara mia tatu, mara nane. Kilo saba! Nimecheka peke yangu karakanani. Saba! Naubeba na Festo juu yake.

Nimechomelea mpaka jioni. Kwa vile kilo zimebaki nyingi, nimeongeza kibati cha jina na maua manne ya nondo, moja kila pembe. Maua yamekaa kama yameota. Mafundi wawili wamesimama barabarani kuangalia. Nimejifanya siwaoni.

Nimempigia Festo simu. Nimemwambia toroli akabebee mbolea.

Halafu nimeuinua kidogo, kujaribu. Hizi si kilo saba. Mgongo wangu unajua saba. Nimeuegemeza ukutani. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikulala vizuri. Alfajiri nimechukua kipande cha bomba kilichobaki, nikachungulia ndani kama darubini. Nikaona. Ukuta uko upande huu na upande ule! Mimi nimetoa mmoja tu. Nimelipigia bomba la pande nne hesabu ya nyumba iliyobomoka upande. Miaka yote hii nakata bomba. Nimejitukana kwa Kingoni, Kiswahili hakitoshi.

Upya. Sentimita tano toa milimita sita, nne nukta nne. Nimezidisha. Kilo kumi na tatu na nusu. Kibati cha jina, kilo moja. Jumla kumi na nne na nusu. Inapita.

Maua ya nondo: kilo moja na gramu mia nane.

Haipiti.

Nimekaa na grenda mkononi muda mrefu. Yale maua ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Kibati siwezi kutoa, kina jina lake. Nimeshaongea na Festo kwa majigambo. Nimefikiri nibebe hivyohivyo, kilo moja ni nini. Mke wangu kasimama mlangoni na chai. Kaangalia tumbo langu, kaangalia maua.

Nimeyakata yote manne. Nimesugua mpaka pakalainika. Nimepaka rangi nyeusi.

Jioni mimi na mke wangu tumeupeleka kwenye mashine ya kusaga, wana mizani ya magunia. Sindano imepanda, imecheza, imesimama kati ya kumi na nne na kumi na tano. Msagaji kauliza unauza? Nimemwambia kila mtu na mizigo yake.

Nimeshusha pumzi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeubeba.

Uani kwa Otmari watu walikuwa wengi. Katekista kasali. Wamama wakaanza wimbo, mimi nikauweka begani. Njia inapita shamba la mahindi yaliyovunwa, mabua yanateleza, kisha kilima kidogo. Pale kilimani bega liliwaka moto. Miguu ikataka kusimama. Festo alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi zake, mikono keshainyoosha. Nikamwambia, "Toa mikono." Akasema, "Nimetoa, baba mkubwa. Twende." Sauti yake haikuwa ya utani.

Haukutua.

Tumeusimamisha, wamemimina zege. Shemeji yangu, mjane wa Otmari, kaushika kwa kiganja, kasema umenyooka. Nilijua umenyooka. Lakini nimefurahi kusikia. Festo alikuwa analia. Mimi vumbi liliniingia jicho moja. Pengine yote mawili.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na bega limevimba. Tumboni, penye mshono, nimejipapasa polepole, juu, chini, pembeni. Nimekohoa makusudi. Hakuna kitu. Mke wangu naye kapapasa, mkono wake baridi kama chuma cha asubuhi. Kasema hakuna kitu. Kaingia jikoni anaimba.

Tumeenda misa ya pili, tumerudi taratibu. Nimekaa juani ukutani, nimekunywa uji. Upepo kidogo. Karakana nimeifunga. Mwili mzima umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo na watu wengi kwa pamoja.